Mganga wa kitabu au kuhani kwa kampeni ya visiwani?

Kampeni, yaani hadithi ndefu ya mchezo wa kuigiza wahusika mezani, ikiwa ya visiwa mfano wa Lamu, Manda na Pate, maji ndiyo yataamua. Kwa kanuni za Dungeons & Dragons za 2014, mganga wa kitabu (wizard) huanza na azima 6, yaani maneno ya uganga (spells), kitabuni, kisha huongeza 2 kila mhusika apandapo ngazi. Akikuta nyingine, kuinakili ni saa 2 na sarafu za dhahabu 50 kwa kila daraja la azima hiyo. Sasa jahazi lipinduke! Azima alizoandaa zinabaki kichwani, ila kesho hawezi kuzibadilisha. Nakala ya akiba ni saa 1 na dhahabu 10 tu kwa daraja, lakini wengi huikumbuka kitabu kikishazama.

Ngazi ya 5 mganga anaweza kupata azima ya mpira wa moto: madhara ya dadu 8 za pande sita, futi 20 kila upande kutoka katikati. Moto huo hukata kona na kuwasha vitu visivyovaliwa wala kushikwa. Ukiutupa vichochoroni Langoni, mtaa wa Lamu, penye paa za makuti, umeunguza mtaa na wenzako.

Kuhani (cleric) hana kitabu cha kulowa. Huchagua upya kila siku kutoka orodha nzima ya kikuhani, idadi ikiwa ngazi yake jumlisha nyongeza itokayo kwenye alama yake ya hekima (Wisdom). Kuhani wa tufani (Tempest Domain) huvaa deraya nzito tangu ngazi ya 1. Mungu wake awe wa kubuni kabisa. Dua za kweli zisiguswe, msije mkagombana kabla ya vita. Akivunja miiko, kanuni hazimnyang'anyi nguvu, kwa hiyo kubalianeni mapema.

Meza ya wachezaji wageni, mimi ningeipa kuhani.