Fonti Nzito za Serifu kwa Kibao cha Duka na Pakiti za Viungo: Ipi Itangulie?

Mwenye duka la viungo Darajani au Chake Chake, anapotaka jina la biashara yake lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara, huvutiwa na fonti nzito za serifu, yaani zile ambazo ncha za herufi zake humalizika kwa vistari vifupi, na aghalabu huchagua iliyo nene kuliko zote. Ningemshauri aanze kukagua mistari iliyo myembamba, kwa kuwa hiyo ndiyo inayopotea wino ukitawanyika kwenye pakiti, na ndiyo inayobanduka mwanzo stika ikikaa juani na kupigwa na upepo wa pwani.

Kwa kigezo hicho naitanguliza Cooper Black, iliyochorwa na Oswald Cooper wa Chicago na kutolewa mwaka 1922. Kingo zake ni za mviringo na hakuna sehemu ya herufi iliyo dhaifu, kwa hiyo kibao chake huvumilia rangi, jua na mkasi. Huja pamoja na matoleo mengi ya Microsoft Office. Ila isitumiwe kwa maandishi madogo, kwani matundu ya a na e ni finyu na huziba.

Ya pili ni Playfair Display ya Claus Eggers Sørensen wa Denmark, ambayo hupatikana bure kwa leseni huria inayoruhusu biashara. Ina uzito, yaani unene wa mistari, wa aina kadhaa pamoja na italiki (herufi za mlalo), hivyo pakiti nzima inaweza kuandikwa kwa ukoo mmoja wa herufi. Kwenye pakiti ndogo napendelea uzito wa kati.

Abril Fatface ya kampuni ya fonti ya TypeTogether, nayo ni ya bure, ndiyo nzuri kuliko zote machoni pangu, na bado naiweka ya tatu. Imetokana na mabango ya matangazo ya Uingereza na Ufaransa ya karne ya 19. Andika KARAFUU uitazame kwa karibu: mkono wa juu wa K, mguu wa kushoto wa kila A na ubavu wa kulia wa kila U ni uzi mtupu. Kwenye bango kubwa la hoteli inapendeza mno. Kwenye pakiti ya gramu 50 nyuzi hizo hukatika. Poster Bodoni ina udhaifu huohuo, tena hulipiwa, kwa hiyo naiacha nyuma.

Kabla ya kulipa, soma leseni: ya kompyuta kwa kawaida huhesabiwa kwa idadi ya mashine, na ya tovuti huuzwa mbali. Chapa neno Ng'ambo kwa ukubwa halisi, juu ya karatasi itakayotumika, uhakikishe kwamba alama iliyo baada ya g imepinda na haikuacha pengo. Anayetaka na maandishi ya Kiarabu kwenye kibao atafute fonti yake mbali, kwani Playfair Display na Abril Fatface hazina herufi hizo.