Uzoefu wangu: mchezo wa mama asiye na maiti ya kuzika

Jumapili iliyopita niliangalia mchezo wa jukwaani hapa Iringa mjini, kwenye ukumbi wa parokia, kiingilio shilingi 10,000. Umetokana na riwaya ya kihistoria kuhusu familia moja ya Kalenga, iliyokuwa ngome ya Wahehe. Niliingia nikitegemea vita: chifu Mkwawa wa Wahehe, mikuki, Wajerumani wanakimbia. Vita haimo. Tarehe 17 Agosti 1891, siku Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alipouawa Lugalo na kikosi chake kusambaratishwa, tunaisikia tu kwa nyuma, kelele kidogo halafu kimya. Jukwaani yupo mama anapepeta ulezi.

Mwanawe wa kwanza hakurudi. Wahehe wameshinda, kijiji kizima kinaimba, na yeye hawezi kulia kwa sauti kwenye furaha ya wenzake. Baba anasema mtoto amekufa kiume. Mama anauliza, "Amelalia ubavu gani?" Hakuna anayejua. Hapo ndipo mchezo uliponishika na haukuniachia.

Sehemu ya pili ni Oktoba 1894, Kalenga imetekwa na Wajerumani na familia inakimbilia porini. Mama amebeba mgolole wa mwanawe, lile shuka la kujifunga begani, basi. Anautandika chini, anabandua jani kavu lililonasa kwenye pindo, anaukunja taratibu, kisha anapangusa kwa kiganja pale ambapo ungekuwa uso. Hakuna neno linalosemwa. Ni ligombo tu, ala ya nyuzi ya Kihehe, linapigwa na mzee aliyekaa pembeni. Nilikuwa safu ya tatu, nikaona vidole vya yule dada anayeigiza mama vinatetemeka. Kaka yangu alifia machimboni, mbali, akazikwa hukohuko kabla hatujakusanya nauli. Matanga tulianua bila kaburi. Nililia pale ukumbini na sikujificha.

Nyimbo ni za Kihehe na hazitafsiriwi. Mimi ni Mbena, lugha zetu zinakaribiana, nikaokota maneno ya kutosha. Lakini hata jirani yangu aliyetoka Tanga alikuwa anafuta macho.

Kasoro ipo, na iko mwishoni. Msimulizi anapanda na karatasi kutusomea habari za fuvu: Mkwawa alijiua Julai 1898, kichwa kikapelekwa Ujerumani, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukataka kirudishwe, likakabidhiwa fuvu mwaka 1954, sasa liko makumbusho ya Kalenga. Habari zenyewe ni za kweli na zinastahili kuwemo, maana ukoo wa chifu nao ulikaa miaka 56 ukimngoja mtu wao. Lakini kwa nini tusomewe kama darasani? Wangempa maneno hayo yule mdogo wa marehemu, ambaye kufikia 1954 angekuwa mzee wa kijiji. Angekaa kwenye kigoda akamsimulia mjukuu wake, na tungeelewa zaidi. Naomba sana wapange upya kipande hicho.

Mengine ni madogo. Tulichelewa kuanza kama dakika 40, spika ilikuwa inakoroma, na ukumbi ni baridi, beba sweta zito.

Watarudia Jumamosi hii. Nimemkatia mama tiketi, atapanda basi la asubuhi kutoka Makambako. Nilipomweleza kwenye simu habari ya ule mgolole alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza kama viti vya mbele bado vipo.