Kimashine cha sekunde 40 na vikombe vya kahawa

Haya, karibuni barazani kwangu, Ngamiani, Tanga. Leo nina hiki. Nakisogeza kwenye kamera mkione: kibao cha saketi kitupu, hakina hata gamba, vitufe juu, kioo kama cha kikokotoo, betri mbili ndogo mgongoni. Kinaitwa PO-33, cha kampuni ya Teenage Engineering ya Sweden. Kina maikrofoni yake. Unanasa sauti, unaikata, unaivuta, unaikimbiza. Nafasi yake sekunde 40 tu, kwisha.

Kuna aliyeniuliza: muziki wa elektroniki wa majaribio si umeshajifia? Nikasema ngoja apite mzee wa kahawa. Mnamjua, vikombe vinakugongea sikioni kabla hujamwona mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Hebu vigonge tena."

"Marahaba."

Nikanasa sekunde mbili. Sikilizeni... hapo nimeshusha, imekuwa kengele nzito. Hapa nimepandisha: mvua juu ya bati! Mzee kasimama, birika mkononi: "Mwanangu, huo muziki, au redio imeharibika?"

Mzee kauliza la maana. Mwaka 1944, Cairo, mtunzi Mmisri Halim El-Dabh alinasa ngoma ya zar kwa kinasa sauti cha zamani, kile kinachohifadhi sauti kwenye waya. Zar ni ya kupunga pepo. Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa. Akaingia nayo studio, akaichezea hadi sauti za akina mama walioimba zikabaki mvumo. Mfaransa Pierre Schaeffer, aliyetengeneza muziki kwa sauti za treni kule Paris, alikuja 1948. Kwa hiyo anayesema haya ni mambo ya kizungu, mpeni kiti akae kwanza.

Na nyumbani je? Kundi la Black Star la hapahapa Tanga waliweka gitaa la umeme kwenye taarab, leo tunaiita taarab ya wazee. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa albamu ya Sounds of Sisso, singeli za Dar, kinanda kinakimbizwa mapigo 200 na ushee kwa dakika. Mle hakuna aliyesema "nafanya majaribio". Walitaka watu wacheze, basi. Mimi naona ndiyo maana watu wanatangaza msiba: wanautafuta muziki huu kwenye kumbi za watu waliokaa kimya kwenye viti. Huko kweli, Tanga hutaupata.

Ununue? Kama simu yako ina nguvu, programu ya bure itakupa nafasi kubwa kuliko hii. Ila mimi nakipenda kwa ule ubahili wake: sekunde 40 zinakulazimisha uchague sauti, usizoe kila kitu. Ukinunua, chukua na gamba lake. Upepo wetu una chumvi.

Yule mzee? Niliporudia ile ya mvua, kidole chake kikaanza kugonga birika, tena kwenye pigo. Akanimiminia kikombe.

"Vikombe vyangu hivyo. Leo unalipa viwili."

Nikalipa.