TAHADHARI Lubumbashi: dekosheri "mpya" zilizopigwa tupa ndani

Wandugu wa upinde wa puli (ule wenye magurudumu kwenye ncha), hapa Lubumbashi na pande za Likasi na Kolwezi: kuna muuzaji anazungusha dekosheri za gasheti (kifaa cha mkononi kinachoshika kamba ya upinde na kuiachia ukibonyeza kitufe cha kidole) kwenye magrupu ya WhatsApp. Anasema ni mpya, zimeingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, dola 120, avansi nusu kwa M-Pesa au Airtel Money. Si mpya. Ni za okazioni zilizochakaa, zikafunguliwa, zikachongwa kwa tupa, zikajazwa grisi na kufungwa tena. Tatu zilizofunguliwa mezani zilikuwa na ubovu ule ule, na ni ubovu wa kumvunja mtu meno. Usitume franga hata moja kabla hujasoma hadi mwisho.

Kinachowanasa watu ni wepesi wa gasheti. Kidole kinagusa tu, ndoano inafunguka, na mteja anaona ameshika kitu cha bei kali. Angalia kinachotokea ndani. Ndoano inayoshika kitanzi cha upote (kamba ya upinde) inazuiliwa na jino dogo la chuma. Ukibonyeza gasheti, jino linateleza hadi ukingoni na kuiachia ndoano. Visi (skrubu) moja ndogo ndiyo inayopanga jino liingie kwa kina gani. Kwenye dekosheri nzima jino limeingia vya kutosha, na ulaini unatoka kwenye chuma kilichosuguliwa sawasawa kiwandani. Huyu bwana amekata njia: jino lililolika amelipiga tupa, halafu amezungusha visi mpaka jino likabaki limeshika kwa upana wa unywele. Gundi ya kuzuia visi isilegee imekwanguliwa na haikurudishwa. Kwa hiyo kila mshale ukitoka, mtikisiko unaisogeza visi kidogo, na wewe hujui inaelekea upande gani.

Sasa pima hatari yake. Upinde wa pauni 60, ambao ndio ukomo kwenye mashindano ya World Archery, shirikisho la dunia la kupiga mishale, kwa upinde wa puli, ni karibu kilo 27. Kilo hizo zote zinakukuta ukiwa bado unavuta. Puli zikishageuka ndipo zinakupunguzia mzigo, mara nyingi asilimia 65 hadi 85. Jino la unywele halisubiri puli zigeuke. Linaachia kwenye mzigo mkubwa, mkono wako uko mbele ya uso: ngumi inarudi mdomoni, na mshale unaondoka kabla hujalenga. Fikiria nani anasimama karibu na shabaha saa hiyo.

Akikupa kifaa mkononi, kikague kwenye mwanga wa jua, si ndani ya gari. Anza na vichwa vya visi. Dekosheri nyingi za Marekani zinatumia kile (ufunguo) ya aleni ya inchi. Ile ya 1/16 ni milimita 1.59. Fundi asiye nayo anachomeka ya 1.5, inacheza, inakula pembe za tundu. Ukiona tundu la pembe sita limekuwa la mviringo na kingo zinang'aa, ujue limeshafunguliwa kwa nguvu. Kitu kipya hakiwi hivyo.

Kisha fungua ndoano, washa tochi ya simu ya mwenzako, na wewe ukuze picha kwa kamera yako mpaka uone jino lenyewe. La kiwandani lina ukingo ulionyooka na rangi moja. Lililochongwa lina mistari midogo inayokwenda upande mmoja, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na ukingo umeviringika. Hiyo haitengenezeki. Mara nyingi ugumu wa chuma cha jino uko kwenye ngozi ya juu. Tupa ikiitoa ngozi hiyo, chini ni chuma laini kinacholika haraka.

Resori (springi ya ndoano) nayo ijaribu. Vuta ndoano kwa ukucha, iachie: lazima irudi na mlio mkavu, hata ukigeuza dekosheri kichwa chini. Moja kati ya zile tatu ilikuwa na resori iliyokatwa kwenye kalamu ya biki. Ndoano ilirudi nusu njia, na ndoano ya nusu njia inaweza kuonekana imefunga kumbe haijafunga.

Kuhusu grisi: imewekwa nyingi ili kuficha ulegevu. Sehemu zilizolika hazigongani, zinaelea, kwa hiyo kifaa kinajisikia kizito na imara. Kwa vumbi letu jekundu la kiangazi, grisi hiyo inageuka tope linalosaga chuma.

Jaribio linalomaliza ubishi linahitaji bidoni ya manjano ya lita 20, na muuzaji wa kweli hatalikataa. Funga dekosheri kwenye boriti au tawi nene kwa kamba imara. Pitisha kitanzi cha kamba ngumu kwenye mshikio wa bidoni iliyojaa maji, kiingize kwenye ndoano, na bidoni ikae sentimita 10 juu ya ardhi. Hapo una kilo 21 hivi, pamoja na bidoni yenyewe. Kama upinde wako ni wa pauni 60, ongeza kidumu cha lita 5. Miguu ikae mbali. Acha dakika tano. Halafu gonga kichwa cha dekosheri kwa mpini wa bisibisi, pande zote, mara ishirini, na uisukume bidoni ibembee. Ikianguka bila gasheti kuguswa, mazungumzo yameisha. Isipoanguka, bonyeza gasheti taratibu: iachie mara moja, bila kukwama. Rudia mara ishirini. Zile tatu, hakuna iliyofika pigo la kumi.

Aliyekwisha kununua asiifunge kwenye upinde kwanza, hata kwa mshale mmoja. Ikiwa jino limechongwa, bakiza mkanda wa mkononi, kichwa kitupe. Usimuuzie mwingine, na usimpe kijana wa kujifunza. Ikiwa jino ni zima na shida ni uchafu tu, inaokoka. Sugua ndani kwa mswaki na alkoli ya asilimia 90 ya famasi, mbali na moto, mpaka alkoli inayotoka iwe safi. Iache ikauke kabisa. Weka tone moja la mafuta ya cherehani, kwa ncha ya sindano, kwenye kila ekseli, kisha pangusa yote yanayoonekana. Mafuta ya injini hapana, grisi hapana. Visi ya kina irudishe kuelekea upande wa usalama, yaani jino liingie zaidi, robo mzunguko kwa kila mara, na kila robo rudi kwenye bidoni. Ukifika panapofaa, tia tone dogo la gundi ya visi ya buluu, ile inayofunguka kwa ufunguo wa kawaida, na usiguse kifaa kwa saa 24. Gundi ikiteremka kwenye ekseli umeharibu kazi yote.

Kagua pia kitanzi cha upote kama ulishatumia mojawapo ya hizi. Ndoano iliyochongwa ina makali, na kamba ya milimita 2 inaanza kutoa manyoya mahali pale pale inapokaliwa. Ukiona manyoya, badilisha kitanzi leo. Na hata kwa dekosheri nzuri, wakati wa kuvuta kidole kikae nyuma ya gasheti, kisiende mbele yake mpaka puli zimegeuka na umelenga.

Muuzaji ukimlalamikia anajibu kwamba umeipanga vibaya mwenyewe, anakutumia video ya mtu mwingine, kisha anakufungia. Namba amebadilisha zaidi ya mara moja, na jina la akaunti pia. Foto hajabadilisha: boksi jeusi juu ya kitambaa cha kitenge cha kijani, dekosheri imelala upande wa kushoto, vichwa vya visi vimefichwa chini. Mwombe foto ya vichwa vya visi kwa karibu. Wote waliomwomba mpaka sasa hawakutumiwa.