Nakala ya "Waisraeli Wakiondoka Misri" ya David Roberts: karatasi inaishinda kanvasi

Mchoro huu wa rangi ya mafuta wa mwaka 1829 ni mali ya makumbusho ya Birmingham, Uingereza, ambayo yameweka picha yake mtandaoni bure. Anayekuuzia nakala basi anakuuzia karatasi, wino na fremu tu. Hivyo ndivyo vya kukagua.

Roberts, Mskoti wa Edinburgh, alijifunza kazi kwa fundi rangi wa nyumba, kisha akachora mandhari za majukwaa ya maigizo hadi London. Misri hakuikanyaga mpaka 1838. Ndiyo maana Misri ya hapa ni ya jukwaani: nguzo nene za hekalu na piramidi zimekusanywa pamoja, na umati unamiminika katikati kama siafu. Anayetaka Misri ambayo Roberts aliiona kwa macho yake anunue chapa za fundi Louis Haghe zilizotokana na michoro ya safari ile. Wapo pia wanaolalamika kwamba Kutoka 12 inasema usiku, naye amechora mchana. Wasome Hesabu 33:3: walitoka siku ya pili baada ya Pasaka, mbele ya macho ya Wamisri wote. Hapo Roberts hana kosa.

Picha nzima inasimama juu ya jambo moja: jiwe kubwa mno, mtu mdogo mno. Nakala ikiwafifisha watu, unabaki na picha ya majengo. Kanvasi, yaani kitambaa kinachowambwa kwenye fremu ya mbao, inaharibu hapo hapo. Nyuzi zake humeza vichwa vya milimita 1 au 2, na sentimita 4 hivi za kila upande hukunjwa nyuma ya mbao, zikaondoka na majengo ya pembeni yanayoipa picha kina. Kama lazima iwe kanvasi, mwambie mchapaji atengeneze kingo za ziada za kukunja, asikunje picha yenyewe.

Kwa karatasi, A3 haitoshi. Anzia A2, yaani sentimita 42 kwa 59.4. Kwa nukta 300 kwa inchi, upande mrefu unahitaji pikseli 7,016. Chini ya 3,500 itatoka na ukungu, na programu ya kukuza faili haiwezi kurudisha nyuso ambazo hazimo. Uwiano wa picha si wa A2, kwa hiyo ibaki na ukingo mweupe. Mchapaji akiivuta ijae karatasi, nguzo zitanenepa au zitarefuka, na kazi imeharibika.

Tatizo la kawaida zaidi ni vivuli. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, karatasi haitoi. Sehemu za giza hugeuka doa jeusi. Kabla ya kulipia yote, omba kipande cha picha kwenye karatasi ya A4, kilichochapwa kwa ukubwa ule ule wa nakala ya mwisho, chenye umati, kivuli na anga pamoja. Kama ni giza, vivuli tu ndivyo vipandishwe. Wakiongeza mwanga wa picha nzima, anga itapauka.

Chagua karatasi isiyong'aa na wino wa pigmenti, usiofifia upesi. Kwenye fremu, kadibodi yenye dirisha itenganishe chapa na kioo, hasa nyumba za mwambao: vikigusana, unyevu huvigandisha, na ukibandua, wino unabaki kwenye kioo.