Lenzi ya Kusomea Saini za Vioo: Zima Taa Yake Kwanza

Karibuni tena wadau. Leo nina lenzi mkononi na nina hasira nayo, kwa hiyo kaa mkao wa kula.

Ni hii hapa. Inakuza mara kumi, imezungushiwa taa ndogo ndogo za duara, na upande huu wa pili ina tochi ya urujuanimno, ule mwanga wa zambarau. Uzito, aina ya betri, urefu wa waya wa kuchajia, hayo yote yako kwenye boksi, sitawapotezea muda. Mimi niliinunua kwa kazi moja tu: kusoma saini chini ya chombo cha maua cha kioo, vile vya kupulizwa kwa mdomo karakanani, ili nijue kimetoka mkono wa nani.

Twende mezani. Nimetandika taulo, chombo nimekipindua, kitako juu. Ni kizito hiki, buluu inayoingia kwenye kijani, huku chini ina rangi ya mchanga. Kitako kimesagwa kikawa bapa, na hapa pembeni kuna mikwaruzo imejipanga mstari mmoja. Hiyo ndiyo saini, ila kwa macho matupu ni mwandiko wa daktari. Sasa nawasha taa ya lenzi. Sogea, kamera, sogea. Mnaona nini?

Taa! Mnaona taa! Duara zima limejirudisha kwenye kitako, linang'aa, saini imemezwa. Nikiinua kidogo, taa. Nikishusha, taa kubwa zaidi. Jamani, nani alikaa akafikiri kwamba kitu kinachometa kinasomwa kwa kumulikiwa usoni? Na hiki ndicho walichokipandishia bei. Lenzi ya kawaida ya masonara, isiyo na taa hata moja, inauzwa chini ya hapo na inakuza vilevile.

Basi tazama. Nazima hiyo taa. Nachukua tochi ya simu, naiegemeza ubavuni mwa chombo, karibu kabisa na kitako, na chumba nakitia giza. Subiri... Hiyo hapo! Mwanga umeingia ndani ya kioo, unadunda huku na huku humo ndani, hauna pa kutokea mpaka ukutane na mahali palipokwaruzwa. Kwa hiyo herufi zenyewe ndizo zinazowaka. Nazungusha chombo polepole, usizungushe tochi, zungusha chombo. M kubwa. Halafu d, ona mkia wake umepanda juu. i, n, a. Mdina! Mwaka hauonekani, ni jina tu.

Napenda sana hii kitu, naomba nirudie. Tochi mbali: hakuna kitu. Tochi ubavuni: Mdina. Kama kioo chako ni cheusi au kizito mno mwanga haupiti, paka chaki kwa kidole halafu pangusa, unga utabaki ndani ya mikato. Ila tafadhali usichukue kitu chenye ncha ukaifuatisha saini ili ionekane vizuri. Umeiharibu, na atakayekuja kununua atadhani umeighushi.

Sasa, kuna mtu tayari anaandika kwenye komenti: "Fundi anaitwa Mdina." Hapana ndugu yangu. Mdina ni mji wa kale kule Malta, na ni jina la karakana. Aliyeianzisha mwaka 1968 ni Mwingereza Michael Harris, akaondoka 1972 kwenda kuanzisha nyingine kwenye kisiwa cha Wight, Uingereza. Kule Wight, vyombo vingi vya mwanzo havina saini ya kuchorwa, vina muhuri wenye umbo la mwali wa moto, uliogandamizwa pale fimbo ya fundi ilipobanduliwa. Na vya Mdina alivyotia jina lake mwenyewe Harris ni vichache, ndiyo maana bei yake iko juu. Hiki changu kina jina la karakana tu, na karakana hiyo iliendelea kutengeneza vioo baada yake. Kwa hiyo saini imenipa nyumba, haijanipa mtu. Mtu nitamtafuta kwenye umbo, kwenye rangi na kwenye namna kitako kilivyomaliziwa.

Hata ukikuta jina la mtu, tulia. Ukisoma Tapio Wirkkala au Timo Sarpaneva pamoja na Iittala, jina la kiwanda cha kioo, hao ni wabunifu wa Ufini. Aliyepuliza kiwandani ni mwingine. Na ile nambari kando ya jina mara nyingi ni ya modeli, usiigeuze mwaka. Kinyume chake ni watu kama Dominick Labino, yule aliyekuwepo kwenye warsha za Toledo, Marekani, mwaka 1962 pamoja na Harvey Littleton, pale mafundi walipoanza kupuliza kioo kwenye tanuri dogo, nje ya kiwanda. Kwa Labino, saini na mwaka vinamhusu yeye.

Wanaoniambia simu inatosha, piga picha itafute yenyewe: nimejaribu. Simu inaangalia rangi. Kwake kila kioo chenye rangi mbili ni Murano, kile kisiwa cha mafundi wa kioo karibu na Venisi, Italia. Na Murano ndiko uangalifu unakotakiwa zaidi, maana muhuri wa Venini, kiwanda maarufu cha huko, umeghushiwa mno.

Hapo ndipo lenzi hii inaanza kunilainisha. Angalia huku, mara kumi, bila taa yake, tochi ikiwa pembeni. Ona mikwaruzo ya matumizi, ile ya kuburutwa kwenye meza: inapita juu ya herufi, inakata mguu wa M. Kingo za herufi zimelika, ndani kuna uchafu wa zamani. Saini ilikuwepo kabla ya mikwaruzo. Ingekuwa kinyume, herufi kali zikikata mikwaruzo ya zamani na unga mweupe bado umo, ningekirudisha kwa mwenyewe. Na picha ni safi mpaka pembezoni, haipindi. Kwa hili, nakiri, lenzi ni nzuri.

Tochi ya zambarau je? Itakuonyesha kioo kilichochanganywa na madini ya urani kikiwaka kijani, na gundi nyingi zinawaka, kwa hiyo chombo kilichoungwa unakinasa. Jina la fundi haitakupa, hata wakuambie nini.

Tangazo dogo: video za vioo sasa zinatoka Jumamosi, bonyeza kengele.

Alama zangu: lenzi nane kwa kumi, tochi tano, taa sifuri. Ikishuka bei nunua, isiposhuka chukua ya sonara.

Na hiki cha mwisho nawaachia. Kitako kina kovu bichi la fimbo ya fundi, halijasagwa, herufi mbili zimeungana, halafu 74. Mwaka au modeli? Nawasha tochi ubavuni, nazungusha taratibu, simamisha video usome. Atakayeniandikia "Murano" bila kusema ameona nini kwenye kitako, namfuta.