TAHADHARI: Pampu za upepo za "150 psi" wanazouziwa madereva wa malori

Madereva, matingo na wenye magari, hasa mnaopiga njia ya Dar–Tunduma: kuna pampu ndogo za upepo zinatangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook kwa maneno kama haya: "150 psi, silinda mbili, inajaza tairi la lori dakika 5, lipia kwanza mzigo unakuja na basi." Msitume hela. Pampu hiyo haijazi tairi la lori, na wapo wauzaji ambao hata pampu yenyewe hawatumi.

Tapeli wa aina hii anaogopa hesabu, kwa hiyo tuifanye. Tairi la lori la saizi ya 315/80R22.5 lina nafasi ya ndani ya takriban lita 150. Kulipeleka kutoka tupu hadi bar 8, yaani kama psi 116 (bar na psi ni vipimo vya mgandamizo), unahitaji lita 150 mara 8, sawa na lita 1,200 za upepo wa kawaida. Ziishe kwa dakika 5? Pampu itoe lita 240 kila dakika, tena isilegee mgandamizo unapopanda. Hiyo ni kazi ya kompresa ya karakana yenye mota ya nguvu za farasi tatu hivi na mtungi wake, sio kitu cha kuweka chini ya kiti.

Sasa fungua hiyo ya kwenye tangazo. Nyingi ndani zina pistoni moja ya kipenyo cha milimita 19, mwendo wake kama milimita 20. Kila mzunguko inasukuma chini ya sentimita za ujazo 6. Pistoni ikipiga mara 3,000 kwa dakika, unapata lita 17, na hizo ni za karatasini, tairi likiwa tupu. Mgandamizo ukifika bar 6 au 7 zinabaki chini ya nusu. Ile "silinda ya pili" mara nyingi ni ganda tu la bati lenye mapezi, halina pistoni. Gonga kwa kucha: linalia kama kopo.

Na hiyo 150 psi? Ni mwisho wa geji, au mgandamizo ambao pampu inaweza kufikia ikisukuma kwenye chombo kidogo kama tairi la baiskeli. Haisemi lolote kuhusu itachukua muda gani. Kinachohusu lori ni lita kwa dakika, tena lita zikiwa zimepimwa kwenye bar 7. Boksi lisiloandika hivyo, au linaloandika lita bila kutaja ni kwenye mgandamizo gani, limekuficha jambo moja ulilokuwa unalihitaji.

Video zao zinadanganya kwa geji. Pampu ikiwa inafanya kazi, geji iliyo juu yake inasoma upepo uliobanwa kwenye mpira wa kupitishia upepo, sio ulio ndani ya tairi. Mshale unaruka hadi 120, mnunuzi anafurahi, video inakatwa. Wangeendelea kurekodi pampu ikiwa imezimwa, ungeuona mshale unashuka mpaka kwenye mgandamizo uliomo kweli ndani ya tairi. Wengine wanaanza na tairi ambalo tayari lina psi 100.

Angalia pia plagi. Boksi limeandikwa "480W" huku waya unaishia kwenye plagi ya soketi ya sigara. Wati 480 kwa volti 12 ni ampea 40. Fungua ncha ya plagi hiyo utoe fyuzi: utakuta kioo cha ampea 10 au 15. Ampea 15 mara volti 12 ni wati 180. Basi kimoja kati ya boksi na fyuzi kinasema uongo, na fyuzi haijui kusema uongo.

Kubwa zaidi ni volti. Malori mengi ni ya volti 24, betri mbili za 12 zimefungwa mfululizo, na pampu hizi ni za 12. Ukiichomeka kwenye 24 mota inazunguka kwa kasi ya ajabu dakika mbili tatu, kisha inanuka. Muuzaji akishaulizwa ana jibu tayari: "Bana kwenye betri moja tu, kaka." Usifanye. Betri hiyo inashuka peke yake, halafu alteneta ikianza kuchaji inaiona jozi kama kitu kimoja: ile iliyochoka inabaki na njaa, nyingine inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yake yanachemka. Tena ukibana kwenye betri ya juu, ile ambayo hasi yake haijaungwa na chasisi, hasi yako iko volti 12 juu ya chasisi. Bodi ya pampu ikiwa imeungwa na hasi kisha ikagusa fremu, ni shoti.

Zinavyokufa ni vilevile kila mara. Upepo ukibanwa hadi bar 7 kichwa cha silinda kinapata joto la kuunguza mkono. Gia ya plastiki inalainika, ringi ya pistoni inalika, mpira unachomoka kwenye nozeli. Karatasi ya maelekezo ndani ya boksi yenyewe husema fanya kazi dakika 10 hadi 15 halafu pumzika. Kwa lita chache hizo, tairi moja ni zaidi ya saa moja bila kuhesabu mapumziko.

Kabla hujanunua yoyote, kumbuka lori lako tayari lina kompresa kwenye injini, na inatoa upepo mara kumi na zaidi ya hiyo pampu. Malori mengi ya Ulaya yana tundu la kujazia matairi kwenye kikaushio cha upepo, limefunikwa kifuniko cha plastiki. Unachohitaji ni mpira mzuri wa mita 10 au zaidi wenye maandishi ya kiwanda ya mgandamizo wa kazi (tafuta bar 15 au 20), kiungio cha tundu lako, na kishikio chenye geji. Wengi wanaunga, hakuna kitu kinatoka, wanasema tundu bovu. Sio bovu: mitungi imejaa, gavana, yaani kidhibiti cha mgandamizo, imeshapumzisha kompresa. Acha injini iungurume, kanyaga breki mara kadhaa mpaka mgandamizo ushuke na kompresa ianze kusukuma tena, ndipo ujaze. Usikubali fundi akuchomekee "T" kwenye mtungi wa breki ili upate upepo. Saketi ya breki haichezewi. Vifaa vya ziada vina saketi yao kwenye valvu ya kinga, ile inayotenganisha saketi za upepo.

Ukitaka pampu ya pembeni kweli, iwe ya volti 24, yenye vibanio vya betri na sio plagi ya sigara, na uijaribu dukani. Chukua tairi la lori lenye psi 60 hivi, pima kwa geji yako mwenyewe, washa dakika 10, zima, pima tena. Tairi la lita 150 likipanda bar 1 (psi 14.5), pampu imetoa lita 15 kwa dakika. Likipanda bar 3, ni lita 45, na hapo kuna mazungumzo.

Jambo moja la uhai: tairi lililokimbia likiwa chini ya asilimia 80 ya upepo wake usilijaze barabarani kwa pampu yoyote. Nyuzi za chuma za ubavuni huenda zimeshakatika, na linaweza kupasuka likijazwa. Liende kwa fundi, likaguliwe ndani, lijazwe kwenye kizimba cha chuma cha kukinga watu likipasuka. Hata kwa tairi zima, tumia kishikio kinachojibana chenyewe na usimame mbali na ubavu wake.

Turudi kwa muuzaji. Muulize kwa ujumbe: "Inatoa lita ngapi kwa dakika ikiwa kwenye bar 7? Nipigie picha kibao cha mota chenye volti na ampea." Mwenye mali atakutumia picha. Tapeli atajibu "inajaza mpaka semi bosi, zimebaki mbili," kisha atatuma namba ya simu ya mtu binafsi, sio lipa namba ya duka. Siku ya pili atataka hela ya stendi, ya tatu hela ya "kutoa mzigo". Duka lake la Kariakoo ukiliuliza mtaa na namba, simu inakatika.

Kama umeshatuma, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe kabla hajatoa, tuma namba ya tapeli kwenda 15040, na uende polisi na ujumbe wote bila kufuta. Kama pampu ilifika lakini ni bandia, usiifungue zaidi. Irudishe kwenye boksi lake pamoja na risiti ya EFD kama ulipewa, na uipeleke Tume ya Ushindani (FCC).